Usianze na jumla: namna ya kufuatilia fedha za serikali katika utafiti wa sayansi ya dunia

Swali hunijia kwa sura nyingi lakini ni lile lile: serikali fulani inatoa kiasi gani kwa utafiti wa sayansi ya dunia, fedha hizo zinapanda au zinashuka, na zimezaa nini? Muulizaji anataka tarakimu moja ya kuweka kwenye aya ya kwanza ya makala yake. Mimi nilianza kazi nikisoma rekodi za matetemeko, baadaye nikahamia kwenye vitabu vya bajeti, na huko ndiko niliko mpaka sasa. Tarakimu ya jumla ipo na haichukui muda kuipata. Shida yake ni kwamba hupanda mwaka ambao satelaiti mpya inanunuliwa, hata kama mwaka huo huo vituo vya kupimia mito vinafungwa kimoja baada ya kingine. Ndiyo maana mimi huanzia mbali nayo.

Chagua kipimo, si wizara

Chukua kitu kimoja kinachopimwa: hewa ya ukaa angani, mtikisiko wa ardhi, maji yaliyo chini ya miamba, usawa wa bahari. Kisha uliza ni nani analipia kipimo hicho mwaka hadi mwaka. Ukianza na wizara utapata yale tu ambayo wizara hiyo inajivunia. Sayansi ya dunia haina nyumba moja. Miamba na madini hukaa wizara hii, hali ya hewa ile, satelaiti ziko kwa shirika la anga, ramani za sakafu ya bahari kwa jeshi la majini, na mishahara ya wahadhiri imo kwenye ruzuku ya vyuo vikuu ambayo haitaji jiolojia hata mara moja.

Mfano ninaoupenda ni mtandao wa vipima-tetemeko ulioitwa WWSSN. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani ilisambaza vipimo vya aina moja, vilivyorekebishwa kwa viwango sawa, kwenye vituo takriban 120 katika nchi zipatazo 60. Ukipekua kasma (vifungu vya bajeti) za jiolojia za miaka ile hutajua ulikotoka. Fedha zilitoka upande wa ulinzi, chini ya mradi wa Vela, kwa sababu waliokuwa wakijadili kupiga marufuku majaribio ya nyuklia walihitaji njia ya kutofautisha bomu lililolipuliwa ardhini na tetemeko la kawaida. Rekodi zenyewe ziligawiwa kwa watafiti wa kila mahali. Mwaka 1968 Bryan Isacks, Jack Oliver na Lynn Sykes walizitumia kuonyesha jinsi matetemeko yanavyojipanga kwenye kingo za mabamba ya dunia yanayosogea. Nadharia kubwa kuliko zote katika jiolojia ya karne ya 20 ilipata sehemu ya ushahidi wake mzito kwa gharama ya watu waliokuwa wakisikiliza mabomu.

Kwa hiyo ukishachagua kipimo, tafuta makala za kisayansi zilizotumia takwimu zake, uende moja kwa moja kwenye aya ya shukrani. Hapo watafiti humtaja aliyelipa, na mara nyingi namba ya ruzuku imeandikwa. Ukiwa na namba hiyo unarudi nyuma hadi kwenye fungu lililoitoa. Ni kazi ya kinyumenyume, lakini inafika mahali ambapo kitabu cha bajeti peke yake hakikufikishi.

Ukilazimika kulinganisha nchi na nchi, utakutana na takwimu zinazopangwa kwa mwongozo wa Frascati, yaani mwongozo wa kuhesabu fedha za utafiti ambao OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, imekuwa ikiutoa na kuuhuisha tangu 1963. Zitumie, ila fahamu kwamba utafutaji na matumizi ya rasilimali za dunia ni kundi moja, mazingira ni jingine, anga ni jingine, na fedha za jumla za vyuo vikuu zina kundi lake. Satelaiti ya kupima barafu inaweza kuangukia lolote kati ya hayo, kutegemea aliyejaza fomu. Nchi mbili zikitofautiana kidogo kwenye safu moja, mimi sisemi lolote mpaka nijue kila moja imeweka wapi satelaiti zake.

Mwaka mmoja, namba tatu

Kila mwaka wa fedha una kiasi kilichoombwa, kiasi kilichoidhinishwa na bunge, na kiasi kilichotumika kweli. Habari hupenda ile ya kwanza kwa sababu ndiyo inayotisha. Weka safu tatu kwenye jedwali lako tangu mwanzo. Ukichukua ombi la mwaka huu ukalilinganisha na idhini ya mwaka jana, utatangaza mkato ambao haujatokea na pengine hautatokea.

Mwaka wa fedha 2018 wa Marekani unafaa kujifunzia. Ikulu iliiombea sayansi ya dunia ndani ya NASA dola bilioni 1.754, ikapendekeza kufuta miradi kadhaa, ikiwemo PACE ya kutazama rangi ya bahari na OCO-3 ya kupima hewa ya ukaa. Bunge likaidhinisha bilioni 1.921 na kuibakiza yote miwili. OCO-3 ilipelekwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa Mei 2019, PACE ikarushwa Februari 2024. Aliyesoma ombi peke yake aliandika tanzia ya vyombo vilivyokuja kuruka.

Kinyume chake nacho kipo: fedha kuidhinishwa si fedha kufika. Oktoba 2013 serikali kuu ya Marekani ilifunga shughuli zake kwa siku 16 kwa sababu ya mvutano wa bajeti. Watafiti wa Antaktika hufanya kazi zao za nje ndani ya miezi michache ya kiangazi cha kusini, na maandalizi yake yanaangukia Oktoba hiyo hiyo. Vituo viliamriwa kujiandaa kubaki na walinzi tu, na baadhi ya timu zikapoteza msimu mzima. Siku 16 kwenye kalenda ya Hazina zilikuwa mwaka kwenye kalenda yao. Kwenye safu ya matumizi unaweza usione chochote cha ajabu, maana fedha nyingine zilitumika baadaye kwa kitu kingine. Kwenye takwimu za barafu pengo linabaki. Kwa hiyo soma ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu pamoja na kalenda ya kazi za nje, si kimoja bila kingine.

Halafu ondoa mfumuko wa bei. Hili ni jambo la dakika chache: gawanya kila mwaka kwa fahirisi ya bei, ukizidisha kwa fahirisi ya mwaka mmoja uliouchagua kuwa msingi. Fungu linaloongezeka kwa asilimia 3 huku bei zikipanda kwa asilimia 6 limepungua, na hakuna hotuba itakayokuambia hivyo. Mwaka 2007, jopo la Akademia za Taifa za Marekani lilipotazama fedha za sayansi ya dunia za NASA kwa thamani halisi, lilikuta zimeshuka kwa takriban asilimia 30 tangu 2000. Lilionya pia kwamba vipima vinavyofanya kazi angani vingepungua kwa asilimia kama 40 kufikia mwisho wa muongo ule. Onyo hilo nitalirudia mbele, kwa sababu halikwenda kama lilivyoandikwa.

Kitu kimoja zaidi kabla ya kuchora mstari wowote wa mwelekeo: angalia kama programu imebadilishwa jina. Uchimbaji wa sakafu ya bahari ulioanza 1968 umepitia majina manne chini ya mipangilio tofauti ya fedha. Mtu asiyejua huona programu nne fupi zilizokufa, kumbe ni moja iliyoishi zaidi ya miaka 50.

Tenganisha kujenga na kuendesha

Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi, na kama una nafasi ya hatua moja tu katika mwongozo huu, fanya hii.

Katika vitabu vya bajeti vilivyopangwa kwa mtindo wa matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida, kifaa kipya huwa upande wa maendeleo. Kinachokifanya kiendelee kupima, yaani betri, mafuta ya meli, mshahara wa fundi, kodi ya masafa ya mawasiliano, kiko upande wa kawaida, mara nyingi kimefichwa ndani ya kasma pana kama "huduma za kiufundi". Kujenga kuna uzinduzi na utepe wa kukatwa. Kuendesha hakuna picha. Ndiyo sababu mikato huanzia huko, na ndiyo sababu jumla haikuonyeshi.

Charles David Keeling alianza kupima hewa ya ukaa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, Machi 1958, katika kipindi cha Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia. Kiwango kilikuwa kama sehemu 313 kwa kila milioni. Siku hizi kimepita 420. Mchoro wake umo kwenye vitabu vya shule. Utazame kwa karibu mapema mwaka 1964: kuna pengo la miezi kadhaa. Bajeti ilikatwa, vipimo vikasimama. Hakukuwa na mtu aliyeamua kwamba hewa ya ukaa haina maana. Ni kwamba kupima kitu kile kile kila siku hakufanani na ugunduzi, na kamati za ruzuku hupenda ugunduzi. Ukiona neno "kazi ya kawaida" kwenye maoni ya kamati kuhusu mradi wa vipimo vya muda mrefu, weka alama nyekundu. Fedha ziko hatarini.

Mfano mchungu zaidi ni wa Indonesia. Baada ya tsunami ya 26 Desemba 2004, iliyoua watu takriban 230,000 kuzunguka Bahari ya Hindi, fedha za tahadhari zilimiminika kutoka serikali nyingi. Maboya 22 ya kugundua tsunami yaliwekwa kwenye maji ya Indonesia. Tsunami ilipoipiga Palu tarehe 28 Septemba 2018, msemaji wa shirika la maafa la nchi hiyo, Sutopo Purwo Nugroho, alieleza wazi kwamba hakuna boya lililokuwa likifanya kazi tangu 2012, na kwamba fedha za matengenezo ndizo zilizokosekana. Hata hivyo usikimbilie kusema maboya yangeokoa Palu. Wimbi lile lilifika ufukweni ndani ya dakika chache, na boya la bahari kuu husaidia zaidi pale wimbi linaposafiri mbali. Hoja ya bajeti inasimama bila kuongezewa chumvi: kasma ya kununua ilikuwepo, kasma ya kutunza haikuwepo, na aliyetazama jumla ya miaka ya baada ya 2004 aliona ukarimu mtupu.

Namna ya kulipata hili kwenye karatasi ni kuuliza maswali mawili kwa kila kifaa. Gharama ya kukiendesha kwa mwaka ni kiasi gani, na imeandikwa kwa miaka mingapi mbele? Na je, imewekwa kwa jina la kifaa, au kifaa kinagombea na vingine ndani ya fungu moja? Kama jibu la pili ni kugombea, tarajia kwamba siku moja meli mpya itaimeza ya zamani, au mfumo mpya utakula mafundi wa ule uliopo. Meli ya uchimbaji ya JOIDES Resolution, iliyofanya kazi hiyo tangu 1985, haikuzama wala kuharibika. Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani ulitangaza kwamba hautaendeleza mkataba wa kuiendesha baada ya Septemba 2024, kwa sababu gharama zilikuwa zikipanda na michango ya washirika haikuziba pengo. Mwaka mmoja kabla ya tangazo hilo, jedwali la jumla halikuonyesha dalili yoyote. Jedwali la gharama za uendeshaji lilionyesha.

Tafuta tarehe ya maafa

Chora fedha zako kwa miaka 30 au 40, kisha weka alama penye maafa makubwa. Mara nyingi utaona ngazi: fedha hupanda ghafla baada ya vifo, halafu hushuka polepole hadi maafa mengine. Volkano ya Nevado del Ruiz nchini Kolombia iliua watu kama 23,000 Novemba 1985. Mwaka uliofuata Marekani ikaanzisha timu ya kusaidia nchi nyingine kufuatilia volkano zao. Tetemeko la Kobe la Januari 1995 liliua zaidi ya watu 6,400, na Japani ikajenga vituo kama 1,000 vya kupima mtikisiko mkali ndani ya muda mfupi. Baada ya tetemeko na tsunami ya 2011 ikatandaza kebo yenye vituo 150 kwenye sakafu ya bahari upande wa mashariki. Marekani yenyewe ilikuwa na maboya 6 ya tsunami mwaka 2004, ikafikisha 39 mwaka 2008.

Siyo maafa ya asili tu. Fedha za utafiti wa Uingereza huko Antaktika ziliongezwa baada ya vita vya Falkland vya 1982, kwa sababu ambazo hazikuhusu ozoni hata kidogo. Mwaka 1985 Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walitangaza tundu la ozoni wakitumia vipimo vya kituo cha Halley vilivyokuwa vikichukuliwa tangu miaka ya 1950. Usiunganishe mambo hayo mawili kwa mshale wa moja kwa moja. Ugunduzi ulitokana na miaka karibu 30 ya kupima, si nyongeza ya miaka mitatu. Huu ndio mtego mkubwa wa kazi hii: nyongeza na matokeo yakikaribiana kwenye mchoro, jicho huyafungisha ndoa.

Kupima matokeo bila kujidanganya

Idadi ya makala zilizochapishwa mimi naitumia kuhakikisha tu kwamba mradi upo hai. Na ile sentensi ya "kila dola moja inarudisha saba", au kumi, au ishirini, naiacha ilipo mpaka nione hesabu nzima: wamelinganisha na nini, na wamehesabu gharama za uendeshaji au ununuzi peke yake?

Ninachokitafuta ni mahali ambapo kitu kimoja kilibadilika huku vingine vikibaki kama vilivyokuwa. Landsat imetupa hilo bure. Satelaiti hizo zimekuwa zikipiga picha za ardhi tangu 1972. Sheria ya 1984 ilikabidhi mauzo ya picha kwa sekta binafsi, na bei ya picha moja ikafika takriban dola 4,000. Landsat 7 iliporushwa 1999 chini ya serikali tena, bei ilikuwa dola 600. Mwaka 2008 hifadhi yote ikafunguliwa bila malipo. Satelaiti ni zile zile, picha ni zile zile. Mwaka uliotoa picha nyingi zaidi kabla ya hapo, 2001, zilitolewa kama 25,000. Baada ya kufunguliwa, picha milioni moja zilipakuliwa ndani ya mwaka mmoja hivi.

Sasa fanya hesabu ndogo ambayo mimi huipenda kuliko ripoti nyingi za tathmini. Mwaka 2013 timu ya Matthew Hansen wa Chuo Kikuu cha Maryland ilitoa ramani ya mabadiliko ya misitu ya dunia nzima kwa miaka 2000 hadi 2012, ikitumia picha 654,178 za Landsat 7. Zidisha kwa dola 600: zaidi ya dola milioni 392 kwa ramani moja. Kwa bei ile ramani isingekuwepo, na fedha zilizojenga satelaiti zingekuwa zimetumika vile vile. Hivyo kwenye jedwali lako weka safu ya sera ya takwimu. Mabadiliko ya sera yanaweza kuzidi mabadiliko ya bajeti kwa mbali.

Njia ya pili ni hasara iliyoepukwa, na hii inataka uangalifu. Pinatubo, Ufilipino, ililipuka tarehe 15 Juni 1991. Wanasayansi wa Ufilipino na Marekani walikuwa wameshatoa onyo na watu wakahamishwa; makadirio yao ni kwamba uhai wa watu wasiopungua 5,000 uliokolewa pamoja na mali ya dola zisizopungua milioni 250. Naikubali kwa sababu maeneo yaliyohamwa yalifikwa kweli na mlipuko, na kwa sababu wamesema "wasiopungua". Kumbuka pia kwamba timu ile ya Marekani ilizaliwa kutokana na Ruiz, miaka mitano kabla. Matokeo ya fedha zilizochochewa na maafa ya Kolombia yalionekana Ufilipino. Ukifunga jedwali lako ndani ya mipaka ya nchi moja, utayakosa.

Njia ya tatu ni ubora unaopanda taratibu bila tukio la kupigia picha. Utabiri wa hali ya hewa umekuwa ukipata takriban siku moja kila muongo: utabiri wa siku sita leo una usahihi kama wa siku tano miaka kumi iliyopita. Ni vigumu kusema ni dola ipi ilileta saa ipi, na mimi sijaribu. Naandika mwelekeo na naorodhesha waliolipa.

Usisahau miradi iliyokufa. Mpango wa Mohole, wa kutoboa ganda la dunia chini ya bahari, ulitoboa mashimo ya majaribio 1961 kisha ukafutwa na Bunge la Marekani 1966 baada ya gharama kuvimba. Kwenye orodha ya matokeo ungeandikiwa sifuri. Ila ulionyesha kwamba meli inaweza kusimama palepale juu ya bahari kuu na kuchimba bila nanga, na miaka miwili baadaye ule uchimbaji wa 1968 ukaanza kwa ujuzi huo, ukathibitisha kwamba sakafu ya bahari inatanuka.

Na lile onyo la 2007? Vipima havikupungua kama ilivyohofiwa, kwa sababu satelaiti nyingi zilikataa kufa kwa wakati. Terra, iliyorushwa 1999 kwa kazi ya miaka michache, ilikuwa bado inapima zaidi ya miaka 20 baadaye. Landsat 5 iliundwa kudumu miaka 3. Ilifanya kazi kuanzia 1984 hadi 2013. Chombo kinachopitiliza umri wake huficha mkato uliofanyika muongo mmoja nyuma, kisha kinapozimika pengo hutokea mwaka ambao huenda bajeti imepanda. Kwa hiyo kwa kila chombo andika mwaka wa kurushwa, umri uliopangwa, na umri uliofikiwa, kabla hujaweka mstari wa fedha na mstari wa matokeo kwenye mchoro mmoja. Kwa miradi iliyo chini ya miaka 10, mimi huacha safu ya matokeo wazi na kuandika pembeni mwaka wa kuirudia.